Fedha na Majani kwa Maradhi ya Tumbo

Katika bonde letu la Kilombero masika yakishika, mito hufurika, maji ya vyooni yakaingia visimani, na homa ya matumbo na kuhara vikatishia majumba yetu. Wakati wa dhiki hiyo kila mwenye chupa huitwa mganga. Basi yatupasa kuieleza habari ya fedha itengenezwayo kwa majani, ili wazazi wasidanganyike.

Wataalamu huyeyusha chumvi ya fedha katika maji, wakaichanganya na maji ya majani yaliyochemshwa, kama mwarobaini. Vitu vilivyomo majanini huigeuza chumvi ile ikawa chembe za fedha ndogo mno: ukiigawa milimita 1 mafungu 1,000,000, upana wa chembe moja hauzidi mafungu 100. Chembe hizo huuharibu utando wa bakteria, naye akafa. Hayo yameonekana katika maabara, na yanatiwa maanani kwa kuwa bakteria wengi, hata Helicobacter pylori aletaye vidonda vya tumbo, wameanza kuzishinda dawa za zamani.

Lakini kumuua bakteria katika kioo si kumponya mgonjwa. Fedha hiyo haijathibitishwa kuwa dawa ya kunywa, na mwenye kunywa fedha kwa muda mrefu ngozi yake huweza kugeuka kijivu, isirudi tena.

Sisi wa Ifakara tunao mfano wa karibu. Maabara iliyoanzishwa hapa na Waswisi katika miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ilishiriki kuijaribu chanjo ya malaria iitwayo SPf66 kwa watoto wa Idete. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya kiasi cha asilimia 31, watu wakafurahi. Ilipojaribiwa kwa watoto wa Gambia na Thailand haikuonyesha kinga, ikaachwa. Ikiwa chanjo iliyopimwa kwa watu ilikataliwa hivyo, itakuwaje chupa isiyopimwa kabisa?

Basi mtoto akiharisha, apewe maji ya chumvi maalumu ya kuharisha, naye apelekwe hospitali upesi. Akiandikiwa dawa, aimalize hata akijiona mzima, kwani dozi iliyokatwa humfundisha bakteria ukaidi. Maji ya kunywa yachemshwe. Na vijana wetu waisome elimu hii kwa bidii, maana huenda miongoni mwao akatoka wa kuipima fedha hiyo ipasavyo.