Msamaha wa Daphrose

Wengi humkumbuka Cyprien Rugamba wa Rwanda kwa nyimbo na ngoma zake. Mimi, ndugu msomaji, humkumbuka zaidi mkewe, Daphrose Mukansanga. Walifunga ndoa mwaka 1965, na haukupita muda akasingiziwa maovu. Mumewe akamrudisha kwao. Hatimaye alirejea, akasamehe, akaendelea kumwombea mume asiyetaka hata kusikia habari za sala. Sisemi kila mke atendewaye hivyo anyamaze. Lakini ni nani kati yetu angesubiri miaka 17?

Mwaka 1982 Cyprien aliugua vibaya, na katika maradhi hayo akamrudia Mungu, akamrudia na mkewe. Tangu hapo walifanya kazi bega kwa bega. Mwaka 1992 walianzisha mjini Kigali kituo cha watoto wa mitaani, watoto ambao wengine tuliwafukuza sokoni.

Tarehe 7 Aprili 1994, baada ya usiku wa kusali, askari waliwaua nyumbani mwao pamoja na watoto wao sita. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilianza kuchunguza maisha yao ili huenda watangazwe wenye heri. Kile kituo kingali kinapokea watoto.