Ndege ya Nauli Nafuu

Kampuni ya ndege ya Kenya Airways ina kampuni yake ndogo iitwayo Jambojet. Ilianza safari tarehe 1 Aprili 2014, kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret.

Kwa nini nauli yake ni nafuu? Nauli ya chini kabisa ni ya kiti na mkoba wa mkononi tu. Mzigo mkubwa hulipiwa mbali. Tena, akataye tiketi mapema hulipa kidogo. Angojaye hadi siku ya safari huenda akalipa zaidi, hata kama mmekaa bega kwa bega.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma na maandishi madogo. Mzigo ni kilo ngapi? Ukichelewa, fedha zitarudi? Gunia la viazi la shangazi, lipakie kwenye basi.