Ukishakandwa, Sikiliza Mwili Wako



Hapa kwetu Kasongo na Kabambare, mwanamke akizaa, sufuria ya maji inawekwa juu ya mafiga. Mama mkwe au bibi anachovya kitambaa, anakanda mgongo, kiuno na miguu. Desturi hii tunayo sisi, wanayo na ndugu zetu wa Zanzibar na Mombasa, ambako mzazi hukandwa katika siku za arobaini. Kukandwa vizuri kunapunguza maumivu, kunaleta usingizi, na kunamwambia mzazi kwamba hayuko peke yake.

Lakini tunasema sana juu ya kukanda, na kidogo juu ya saa zinazofuata. Ngoja niwaeleze yaliyonipata.

Siku ya sita baada ya kuzaa mtoto wangu wa tatu, mguu wa kushoto ulivimba na kuniuma nyuma, chini ya goti. Nilimwomba bibi anikande kwa nguvu. Aliweka mkono, akasikia joto, akautazama mguu wa kulia, ambao haukuvimba hata kidogo. Akaniambia: «Mjukuu, huu siukandi. Twende kwa waganga.» Nilikasirika. Bibi alikuwa kijana miaka ya 1970, wakati Kasongo ilipojengewa vituo vya afya karibu na vijiji, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Kwake, muuguzi ni jirani.

Kule nilielezwa kwamba damu iliganda ndani ya mshipa. Baada ya kuzaa, damu ya mwanamke inaganda kwa urahisi, na hatari hiyo inaendelea majuma sita au zaidi. Ukikanda mguu wa namna hiyo, bonge la damu linaweza kung'oka, likapanda mpaka mapafuni na kuua. Mikono ya bibi iliniokoa kwa sababu ilijua pia kukataa.

Basi, mama, ukishakandwa fanya hivi:

Usisimame haraka. Maji ya moto yanalegeza mishipa, na kizunguzungu kinaweza kukuangusha. Kaa kwanza, kisha simama pole pole, mtu akiwa karibu.

Kunywa. Umetoka jasho na unanyonyesha. Kunywa maji safi au uji, na usizuie mkojo.

Kula vizuri. Wali wetu, sombe na karanga, maharagi, samaki: hivyo ndivyo vinavyorudisha nguvu.

Pumzika, lakini usilale mchana kutwa. Acha kwanza kitunga, kuni na mchi. Tembea kidogo nyumbani ili damu nayo itembee.

Tazama ngozi. Maji yanapaswa kupimwa kwa kiwiko kabla ya kukugusa. Ukiungua, mwagia maji baridi safi kwa dakika 20. Usipake mawese wala majivu. Kama mafuta yamefika kwenye matiti, osha kabla ya kunyonyesha.

Kama ulipasuliwa, kidonda kisikandwe wala kisilowanishwe kwa kitambaa cha moto. Ngoja ruhusa ya muganga.

Maumivu madogo, kama ya mtu aliyelima, ni ya kawaida na yanaisha kwa siku moja au mbili. Lakini kuna alama ambazo hazingoji kukandwa kwa kesho, wala hazitibiwi kwa kuongeza moto wa maji. Nenda kituo cha afya mara moja ukiona:

– damu inalowanisha kitambaa kizima kwa muda usiofika saa moja;
– homa, au uchafu wenye harufu mbaya;
– kichwa kinauma sana, au macho yanaona ukungu;
– mguu mmoja umevimba na unauma;
– kifua kinauma, au pumzi inakatika.

Hata bila alama hizi, Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe katika saa 24 za kwanza, tena siku ya 2 au ya 3, tena katika juma la pili, na tena juma la 6.

Najua kwa wengine njia ni ndefu, hasa wenzetu wa vijiji vya Kabambare. Ndiyo sababu ninaomba kila kundi lizungumze mambo mawili juma hili. La kwanza: muwaalike wamama wanaokanda wazazi, muwasomee alama hizi tano, kwa sababu wao ndio wanaogusa mwili wa mzazi kila siku. La pili: katika likelemba yenu, mtenge kitu kidogo cha pikipiki kwa ajili ya mzazi atakayehitaji kukimbizwa usiku.

Mtoto wangu yule sasa ananitekea maji. Kila ninapomwona na ndoo yake, namkumbuka bibi na mkono wake juu ya mguu wangu.