Anga imetulia, mto bado

Mei 2019 iliwachosha watu wa katikati ya Marekani. Kuanzia katikati ya mwezi ule, kwa siku zisizopungua 12 mfululizo, hapakupita siku bila kuripotiwa tornado 8 au zaidi. Usiku wa tarehe 25 moja ilipiga El Reno, Oklahoma, ikaua watu wawili. Tarehe 27 zikashuka Dayton, Ohio. Kesho yake ikawa zamu ya viunga vya Lawrence, Kansas. Mwezi ulipokwisha, mfululizo ule ukakatika.

Tornado haihitaji joto na unyevu peke yake. Hivyo tunavyo hata sisi: mashamba ya chai ya Kericho hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani, lakini tornado kali ni nadra kwetu. Tunachokosa ni upepo unaobadilika sana mwelekeo na kasi kadiri unavyopanda juu, ule unaolizungusha wingu zima. Kule Marekani, kazi hiyo hufanywa na mkondo wa upepo mkali unaopita kilomita kama 10 juu ya ardhi. Mei ile mkondo ulijipinda kuelekea kusini upande wa magharibi ya nchi, ukang'ang'ania hapo. Wakati huohuo mgandamizo mkubwa wa hewa uliokaa kusini-mashariki ulikuwa ukisukuma hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko. Mpangilio huo ulipovunjika, dhoruba zilikosa kitu cha kuzizungusha. Isitoshe, Juni ikiingia, kaskazini hupata joto, tofauti yake na kusini hupungua, na mkondo wenyewe hulegea na kurudi upande wa Kanada.

Utulivu unaofuata nao una kazi yake. Chini ya mgandamizo mkubwa hewa hushuka polepole, na kila inaposhuka kilomita moja hupata joto la karibu nyuzi 10 zaidi. Hapo juu hujengeka tabaka la hewa yenye joto, linaloizuia hewa ya chini kupanda, kama kifuniko juu ya sufuria. Ukiangalia anga ya siku kama hiyo kuelekea saa tano asubuhi, utaona viwingu vyeupe vikizaliwa vyote kwa kimo kimoja. Vitako vyake ni bapa, kwa sababu hapo ndipo mvuke unapogeuka matone. Vinajaribu kupanda, vinagota kwenye lile tabaka, vinatawanyika, na jioni havipo tena. Ardhi iliyolowa nayo hulifanya joto la mchana liwe la kistaarabu, maana sehemu kubwa ya nguvu za jua huishia kukausha udongo. Nawaelewa kabisa wanaotoka kuanika nguo na kupanda mbegu wiki kama hiyo.

Ila mto haufuati saa ya anga. Mvua za Mei zilizonyesha Kansas na Oklahoma zilikuwa bado njiani ndani ya mto Arkansas. Katika bwawa la Keystone, juu ya Tulsa, wahandisi walilazimika kufungulia maji hadi mita za ujazo zaidi ya 7,000 kila sekunde. Tarehe 31 Mei tuta la kuzuia mafuriko lilibomoka karibu na Dardanelle, jimbo la Arkansas. Tarehe 1 Juni, huko Van Buren, kipimo cha mto kilipita mita 12, kikaivunja rekodi iliyokuwapo tangu 1945. Little Rock, mbali zaidi kuelekea chini, ilisubiri siku chache zaidi kabla mto haujafika kilele.

Ndiyo maana mimi huona taarifa ya hali ya hewa isiyotaja mito, katika wiki ya namna hii, imesema nusu tu ya habari. Aliyekuwa Little Rock tarehe 2 Juni hakuhitaji kuambiwa kama kesho kutakuwa na jua. Alihitaji kujua maji yaliyopita Van Buren jana yatamfikia lini, na jambo hilo wataalamu wa mito huweza kulikadiria siku kadhaa kabla.