Gego lililolala: kwa nini daktari hutaka eksirei kabla ya ruti kanali

Mwenye jamaa zake Eastlands, iwe ni Majengo ya Pumwani walikokaa Waswahili tangu miaka ya 1920, au Buruburu, Umoja na Kayole, huenda ameshasikia lalamiko hili: jino linauma, mtu kaenda kliniki, kaambiwa apigwe eksirei kabla ya ruti kanali, naye kaona anakamuliwa pesa tu. Picha hiyo ina kazi. Humwonyesha daktari jino limelala vipi.

Katika ruti kanali, kiini kilichooza huondolewa, njia za mizizi zikasafishwa, kisha zikazibwa. Mlango wa kuingilia ni tundu dogo linalotobolewa juu ya jino. Kwenye gego, paa la chumba cha kiini liko kama milimita 6 tu kutoka nchani. Kwa hiyo mashine lazima ifuate mzizi unakoelekea, na mzizi hauko wima kila mara.

Gego la kwanza la utu uzima huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Wazazi wengi hulidhania la utoto, hawalishughulikii, likaoza, likang'olewa kwa kuwa kung'oa ni rahisi kuliko kutibu. Pengo huachwa hivyo hivyo. Gego la nyuma yake, linaloota karibu na miaka 12, huanza kuliinamia pengo taratibu, kama mnazi uliosukumwa na upepo. Miaka ikipita, nalo likaoza.

Daktari akilitoboa gego hilo wima, kana kwamba limesimama, mashine hukosa chumba na kutokea ubavuni, upande wa pengo, chini ya ufizi. Damu hutoka, vijidudu hupata njia, na mfupa huanza kulika. Tundu dogo likigunduliwa mapema huzibwa kwa saruji maalumu. Likichelewa, jino huweza kupotea, na pesa za matibabu nazo zimeshakwenda.

Taji la bandia huzidisha taabu, maana fundi hulitengeneza likae wima hata kama jino lililo chini yake limeinama. Na eksirei ya kawaida huonyesha mlalo wa mbele na nyuma tu. Ule wa kuelekea ulimi au shavu hauonekani vizuri, na magego ya chini huelekea ulimini kwa maumbile. Ndiyo maana daktari makini hupapasa ufizi kwa kidole kuutafuta mzizi, na wengine hutoboa kwanza kabla ya kufunika jino kwa mpira, ili wayaone meno jirani.

Basi ukikaa kitini, sema mapema kama una gego lililong'olewa au taji. Omba uonyeshwe picha na uulize jino limelalia wapi. Likiwa limelala sana, si ajabu daktari akakuelekeza kwa bingwa wa mizizi, na hapo usimwone hajui kazi.