Kuwasha si Kuanzisha: Istilahi za Kishada cha Seva

Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Umeme urudipo baada ya tukio kama hilo, fundi wa kompyuta katika ofisi ya umma mjini Mwanza huhitaji mwongozo ulio wazi. Mwongozo ukisema "washa" kwa kila hatua, aweza kukosea, na kumbukumbu za wananchi zikaharibika. Yafaa, basi, tutenganishe maneno.

Kuwasha ni kukipatia chombo umeme. Huwashwa kwanza swichi za mtandao, kisha hifadhi ya data, halafu seva.

Kuanzisha ni kuifanya programu ianze kazi. Kompyuta pepe ni programu inayoiga kompyuta kamili ndani ya seva; kwa hiyo huanzishwa, haiwashwi.

Baina ya hatua hizo pana akidi, neno tulilolizoea mikutanoni. Kishada ni kundi la seva zinazofanya kazi kama moja. Kishada cha seva 3 huhitaji 2 zinazowasiliana ndipo kiendeshe kazi. Pasipo akidi, seva zilizotengana zaweza kuandika data ileile kwa kupingana, kila moja ikijiona ndiyo yenye mamlaka.

Akidi ikitimia, huanzishwa kompyuta pepe za utambulisho wa watumiaji, kisha za hifadhidata, mwisho za huduma. Wakati wa kufunga kazi utaratibu hugeuzwa: kompyuta pepe husimamishwa kwanza, ndipo seva zizimwe. Mfasiri asiyachanganye maneno haya manne.