Jeli ya kukuzia msuli: ununue ipi?

Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo ukishaipita Kaole, akina mama hufunga mbegu za mwani kwenye kamba, hungoja maji yatoke, huvuna na kuanika. Kilo ya mwani mkavu wa aina ya spinosamu kwa miaka mingi imemwachia mkulima mamia ya shilingi tu. Ng'ambo hukamuliwa karajinani, unga unaogandisha aiskrimu na dawa ya meno. Mwani wa aina nyingine hutoa agarosi na alginati, ambazo zikisafishwa kwa kiwango cha maabara huuzwa kwa gramu. Kwa hiyo mtu wa pwani hii akisikia kwamba wanasayansi wanakuza msuli ndani ya jeli, ana haki ya kuuliza: yetu haifai?

Inafaa kushika umbo. Kazi ya kuufanya msuli uwe msuli haiiwezi peke yake.

Seli changa za msuli zinataka kushika kitu, zivutwe huku na huku, ndipo ziungane kuwa nyuzi ndefu. Ulaini nao una kipimo chake: mwaka 2004 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao walionyesha kwamba nyuzi hupata ile mistari ya msuli halisi zikikaa juu ya jeli yenye ugumu wa kilopaskali 12 hivi, sawa na wa msuli wenyewe. Jeli ikiwa laini mno au ngumu mno, mistari haiji.

Alginati ni rahisi kuishughulikia. Ukiidondoshea kalisi inaganda papo hapo, nayo haidai friza. Shida ni kwamba seli hazioni pa kushika. Inabidi ibandikwe vipande vya protini, na hapo ndipo bei inaporuka. Karajinani nayo ina doa: kwa miongo mingi wachunguzi wa dawa wameidunga kwenye nyayo za panya makusudi ili zivimbe, wapime dawa za kutuliza uvimbe. Kitu cha namna hiyo sikichagui kwa tishu inayotarajiwa kupandikizwa mwilini. Agarosi imepata kazi ya heshima zaidi. Baga ya mtafiti Mark Post, ya nyama iliyokuzwa maabara, iliyoonjwa London Agosti 2013 kwa gharama ya yuro 250,000, ilitokana na vijinyuzi vya msuli wa ng'ombe vilivyojikunja kama pete kuzunguka nguzo ya agarosi.

Upande wa wanyama, kolajeni ndiyo mkongwe, na maabara inaweza kujitengenezea yenyewe: kano za mkia wa panya wa maabara huloweshwa kwenye asidi ya siki iliyozimuliwa, kwenye baridi, hadi ziyeyuke. Bei yake ni jasho la fundi. Lakini seli huivuta ikasinyaa, na msuli wake kwa kawaida hauna nguvu ya ule wa fibrini.

Fibrini ni donge la damu lililotengenezwa kwa makusudi: fibrinojeni ukichanganya na thrombini, inaganda kwa dakika chache. Maabara ya Nenad Bursac katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, iliitumia ikichanganywa na Matrigel, na mwaka 2015 ikatangaza msuli wa binadamu uliojikunja ulipopigwa umeme na uliopokea dawa kama msuli wa mwilini. Kasoro yake ni kwamba seli huila jeli hiyo kabla hazijakomaa, kwa hiyo ununue na dawa ya kuzuia. Aprotinini ni ghali. Asidi ya aminokaproiki hufanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu.

Matrigel yenyewe hutoka kwenye uvimbe wa saratani ya panya. Seli huipenda sana. Lakini chupa ya mililita 10 ni dola mamia kadhaa, na hakuna mzigo unaofanana kabisa na uliotangulia. Tena inaganda ikipata joto la nyuzi kumi tu. Kiboksi kikisahauliwa juani uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, au barafu kavu ikiisha kabla ya kufika Bagamoyo, umenunua chupa ya takataka. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S hapa Bagamoyo, inajua vizuri kazi ya kulinda ubaridi. Maabara changa ihesabu jenereta kuwa sehemu ya bei ya jeli.

Jelatini ni nafuu, ila uliza ngozi ya mnyama gani. Nyingi ni ya nguruwe. Kwa kupima dawa pengine hilo halisumbui; kwa nyama ya kuliwa pwani hii, hiyo ndiyo hesabu ya kwanza. Ya ng'ombe na ya samaki zipo, ingawa ya samaki huyeyuka upesi zaidi.

Sasa hesabu ambayo orodha za bei haziioneshi. Kipande kimoja cha msuli wa majaribio hutumia matone machache tu ya jeli. Kinachokula fedha ni chakula cha seli, pamoja na seramu ya ndama, kinachobadilishwa kila siku moja au mbili kwa majuma. Kubana jeli ili uokoe shilingi, kisha kulisha seli zisizoungana kwa majuma mawili, ni hasara mara mbili.

Kwa maabara inayoanza ningeagiza fibrinojeni na thrombini kwa vichupa vidogo, pamoja na asidi ya aminokaproiki. Alginati ya daraja la chakula ingetosha kwa mazoezi ya mkono na kutengenezea umbo. Matrigel ningeiacha hadi fibrini peke yake ishindwe, na hata hapo ningedai kichupa kidogo kabisa, chenye namba ya mzigo iliyoandikwa kwenye ankara.